Gawa karata bila kuvunja kijiwe

Kama umekulia Nairobi, karata kwako ni kadi tu: unatupa, unasema "niko kadi", mnaanza upya. Sawa. Lakini kuna mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, unaotaka kichwa zaidi. Shida ni kwamba mara nyingi unavunjika hata kabla ya kuanza. Mmoja amegawa ovyo, wengine wanasema amepanga, na mabeste wa miaka wanaenda home bila salamu.

Wareno wanauita Sueca. Pwani yetu ina ndugu yake, wahedi wa sitini, yaani 61. Undugu huu si wa kubuni. Turufu, kopa, uru, pau, hata neno karata lenyewe, yote ni Kireno kilichobaki huku tangu enzi za waliojenga Fort Jesus.

Tuchukue ule wa Ureno. Kwenye pakiti toa jokeri, kisha toa 8, 9 na 10 zote. Zinabaki 40. Zihesabu kweli, usikadirie. A ina pointi 11, 7 ina 10 (ndiyo, 7 inampiga mfalme, zoea tu), K 4, J 3, Q 2. Zingine hazina kitu. Jumla ni 120, ndiyo maana wenye 61 wameshinda.

Sasa kuchanganya, na hapa ndipo wengi hulegea. Sheria inakulazimisha ufuate aina iliyotangulia kama unayo. Kwa hivyo mkimaliza mchezo, karata zinarudi zimeshikana: kopa nne hapa, pau nne pale. Na kimila Sueca hugawiwa kumi kumi kwa mpigo, si moja moja. Ukichanganya kivivu, mmoja anajaziwa shupaza na mwingine hana hata moja. Hujaiba, lakini nani atakuamini? Changanya hadi mkono uchoke, kisha mwingine akate. Kwangu mimi, anayegawa hakati, kwisha.

Mnaenda kinyume na mwendo wa saa. Wa kulia kwako mpe kumi, mwenzako aliye mbele yako kumi, wa kushoto kumi, halafu zako. Ile karata ya chini kabisa ya pakiti, ambayo inakuangukia wewe, ifunue katikati wote waione. Aina yake ndiyo turufu, na hata 2 ya turufu inaila A ya aina nyingine.

Umeona? Mgawaji tayari ana turufu moja ya uhakika. Kwa hivyo mchezo ukiisha, zamu ya kugawa inahamia kulia. Msee akikwambia "wacha nigawe tena, nina mkono mzuri", mkatalie kwa upole.

Mmoja akijikuta na 11 na mwingine 9, msianze zile za "nipe moja". Rudisheni zote, changanyeni upya. Karata ikifunuka njiani, fanyeni vivyo hivyo. Dakika mbili zinapotea, basi.

Wa kulia kwa mgawaji ndiye anayeanza. Wote wakishaiona turufu, mgawaji anaichukua mkononi. Kuanzia hapo hakuna kumkonyeza mwenzako, hakuna kukohoa kwa maana. Na ukificha kopa huku kopa imeitwa, Ureno wanakukata michezo minne, na mechi nzima kwa kawaida ni ya michezo minne.