Dawa hai, soko doro bonde la Kilombero

Kiuatilifu cha kemikali hakimsumbui sana muuza pembejeo wa Ifakara: kikibaki msimu huu, kitauzwa msimu ujao. Dawa za maji za bakteria rafiki haziko hivyo. Anachonunua mkulima ni viumbe hai, mara nyingi wa jamii ya Bacillus au Pseudomonas, wanaotakiwa wakae kwenye mzizi na jani kabla ugonjwa wa blasti ya mpunga haujaingia. Wakifa, chupa imebaki na maji ya bei ghali. Kwa hiyo, nionavyo, kinachokwamisha biashara hii bondeni si sayansi wala ubishi wa wakulima. Ni hasara ya mali iliyokufa, ambayo yote imeachiwa duka la mwisho.

Muuzaji mmoja wa mjini, aliyeomba asitajwe, ana malalamiko marefu. Msambazaji anataka fedha taslimu na mali iliyopita tarehe haipokei. Duka ni la bati. Mteja anakuja na jani lenye madoa mkononi, anataka tiba ya leo, wakati bakteria ni kinga ya kutangulia. Muuzaji anaishia kumpa kemikali. Hata anayenunua dawa ya bakteria huenda akaimimina kwenye bomba lililopulizia dawa ya shaba jana, likasuuzwa juujuu, shaba ikawamaliza bakteria humohumo. Kisha wapo wanaotaka iponye kimyanga, unjano unaoletwa na virusi, ambao hauna dawa ya kupuliza. Lawama zote zinarudi kaunta.

Afisa mmoja anayefuatilia pembejeo haoni tatizo: dawa iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeshapimwa. Imepimwa, ndiyo, lakini si ile chupa iliyotoka Dar es Salaam kwa lori na kukaa rafuni Februari, joto likipita nyuzi 30. Watasema Bacillus hujifunga katika spora ngumu inayohimili joto. Ni kweli, na ningekuwa muuzaji ningeanza na hao. Pseudomonas hawana kinga hiyo, na mnunuzi anayeangalia bei na picha ya lebo hana njia ya kuwatofautisha. Idadi ya bakteria iliyoandikwa kiwandani haimwambii wangapi wamefika.

Kutengeneza si muujiza. Kibaha kuna kiwanda cha dawa ya maji ya bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu, kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa ujuzi wa Kuba. Hata hivyo mwaka 2017 ilibidi halmashauri ziagizwe kununua. Dawa ya mpunga haina mnunuzi wa kuagizwa. Wakulima wa mboga za kuuza Ulaya, kule Arusha na Kenya, wana sababu ya kulipia dawa isiyoacha mabaki ya kemikali, kwa kuwa mzigo wao hupimwa. Mchele wa Supa wa Kilombero unanunuliwa kwa harufu na punje isiyokatika. Mabaki hayaulizwi sana sokoni. Huenda mambo yakabadilika wasambazaji wakikubali chupa ndogo na kurudishiwa zilizopita tarehe. Kwa masharti ya sasa, anayeagiza kwa oda ya mteja aliyelipa kabla ya kusia mbegu ndiye mwenye hesabu nzuri, na wateja wa namna hiyo si wengi.