Kilo Moja kwa Shilingi Ngapi? Hesabu ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Ukiwa Dodoma

Tumchukue mwanamke wa miaka 42, karani katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, urefu sentimita 160, uzito kilo 118. Si mtu fulani. Ni mfano wa kufanyia hesabu. Zidisha urefu wake kwa wenyewe, mita 1.6 mara 1.6, unapata 2.56. Gawanya 118 kwa 2.56, jibu ni 46.1. Kliniki huiita namba hiyo uwiano wa uzito na urefu; hapa nitaiita uwiano. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi, na 30 kuwa mwanzo wa unene ambao wataalamu wa lishe wameupa jina la kiribatumbo.

Nani anastahili kupasuliwa? Mwaka 1991 jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilisema uwiano uwe 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa mwingine kama kisukari. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine. Kwa urefu wa mwanamke wetu, kiwango cha zamani ni kilo 102.4 na kipya ni kilo 89.6. Kwa vyovyote yumo. Wapasuaji wana ushahidi wao, ila ikumbukwe kwamba walioshusha kiwango ndio wanaofanya kazi yenyewe. Namba 89.6 tuiweke pembeni, tutaihitaji.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni wa kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki kama mrija mwembamba. Nitauita mkato. Wa pili, nitakaouita mchepuko, huacha mfuko mdogo sana na kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Puto, ambalo nalo limesikika sana baada ya Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila kuanza kuliweka, si upasuaji: huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa maji, na aina iliyozoeleka hutolewa baada ya miezi 6.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana hapa ndipo wengi hupotea. Matokeo hutangazwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni asilimia ya uzito wote: kilo zilizopungua gawanya kwa 118. Ya pili ni asilimia ya uzito wa ziada, yaani kilo zilizo juu ya uwiano wa 25. Kwa mwanamke wetu uwiano wa 25 ni kilo 64, hivyo ziada yake ni kilo 54. Kilo 27 zikipungua, njia ya kwanza inasema asilimia 23 na ya pili inasema asilimia 50. Kilo ni zilezile. Anayeambiwa "utapunguza nusu" aulize: nusu ya nini?

Utafiti wa Finland uliolinganisha mkato na mchepuko kwa watu 240 uliwafuata kwa miaka 10. Mkato uliondoa asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, mchepuko asilimia 50.7. Kwa mwanamke wetu hizo ni kilo 23.5 na kilo 27.4. Baada ya mkato angekuwa na kilo 94.5, uwiano 36.9. Turudi kwenye namba tuliyoiweka pembeni: kiwango kipya cha kustahili upasuaji kwa urefu wake ni kilo 89.6. Miaka 10 baada ya kupasuliwa, kwa wastani, bado angestahili kupasuliwa.

Hilo halina maana kwamba upasuaji umeshindwa. Kilo 23.5 ni karibu nusu ya mfuko wa saruji, na magoti yake yanaubeba mzigo huo kila anapopanda ngazi ya daladala. Lakini mtu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na picha ya kilo 64 kichwani ana haki ya kuambiwa 94.5 kabla hajasaini.

Tuje kwenye shilingi. Nitatumia milioni 15 kama ada ya hospitali. Hii si bei ya hospitali yoyote. Ni namba ya kufanyia hesabu, na msomaji aiondoe aweke aliyoandikiwa yeye. Mwaka wa kwanza baada ya mkato uzito hushuka sana. Tukichukua makadirio ya upande wa juu, asilimia 30 ya uzito wote, ni kilo 35.4. Milioni 15 gawanya kwa 35.4 ni shilingi 424,000 kwa kilo. Hiyo ndiyo hesabu inayofanywa na shangazi na mashoga wakiangalia picha za kabla na baada.

Hesabu ya miaka 10 ni nyingine. Tuseme anapasuliwa Dar es Salaam. Nauli ya treni ya SGR kutoka Dodoma, daraja la kawaida, ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Safari 2 za vipimo, 1 ya upasuaji akiwa na ndugu wa kumsindikiza, 4 za kliniki mwaka wa kwanza, kisha 1 kila mwaka kwa miaka 9: jumla safari 16, shilingi 1,054,000. Teksi za kutoka stesheni na chakula cha msindikizaji hazimo. Kama kliniki 13 za ufuatiliaji zingefanyika hapahapa Dodoma, angeokoa 806,000. Kwa jumla hii ni fedha ndogo. Hofu yangu iko kwenye kliniki zitakazorukwa mwaka wa nne na wa tano, mwili ukiwa umepungua na nauli ikiwa na kazi nyingine.

Kinachorukwa mara nyingi zaidi ni dawa za nyongeza. Tumbo likishapunguzwa, mwili hupata kwa shida chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu, na mgonjwa huandikiwa virutubisho hivyo kwa maisha yake yote. Tukikadiria shilingi 40,000 kwa mwezi, miaka 10 ni milioni 4.8. Jumla ya vyote sasa ni 20,854,000. Ada ya hospitali ni asilimia 72 yake. Asilimia 28 iliyobaki haimo kwenye karatasi anayopewa dirishani. Gawanya jumla hiyo kwa kilo 23.5: shilingi 887,000 kwa kilo, zaidi ya maradufu ya hesabu ya mashoga.

Mei 1, 2025, kwenye sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tuseme karani wetu yuko kwenye kima hicho. Milioni 15 ni mishahara yake ya miezi 30 bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Akiweka akiba asilimia 20, yaani laki moja kwa mwezi, inamchukua miezi 150. Atafika akiwa na miaka 54 na nusu.

Atakwenda kukopa basi. Milioni 15 kwa miaka 5, kwa riba ya kukadiria ya asilimia 13 inayohesabiwa kwenye salio, ni rejesho la takriban 341,000 kwa mwezi. Riba peke yake inafika karibu milioni 5.5. Kanuni ya utumishi inataka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara, kwake ni 166,667. Rejesho hilo lingemwachia 159,000, na hapo mchango wa pensheni na wa bima haujakatwa. Mkopo hautapita. Kwa mama anayeuza zabibu na mboga soko la Majengo hata swali la theluthi halipo: wiki 4 za kukaa nyumbani, siku 6 kwa wiki, faida ya 20,000 kwa siku, ni 480,000 zilizopotea kabla ya kulipa chochote.

Je, bima ilipe? Mchango wa mtumishi kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri. Kwa 500,000 ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Operesheni moja ya milioni 15 inakula michango ya mwaka mzima ya watu wa kima hicho karibu 42, na kila mmoja wao ana mwenza na watoto wanaotibiwa kwa mchango uleule.

Upande wa kifo na uhai unahitaji utulivu. Utafiti mkubwa wa Sweden uliwafuata watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wasiopasuliwa. Ripoti ya mwaka 2007, baada ya wastani wa miaka 10.9, ilihesabu vifo 101 upande wa kwanza na 129 upande wa pili. Baada ya kurekebisha tofauti za umri na nyinginezo, hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 29. Namba hiyo ndiyo hutangazwa. Bila kurekebisha, ni asilimia 5.0 dhidi ya 6.3, tofauti ya pointi 1.3: wapasuliwe watu karibu 77 ili mmoja aepushwe na kifo katika miaka hiyo. Ripoti ya baadaye, ya mwaka 2020, iliona waliopasuliwa wakiishi wastani wa miaka 3 zaidi. Miaka 3 si haba. Ila katika wale 2,010, waliofanyiwa mchepuko walikuwa 265 tu, na wengi wa waliobaki walifanyiwa aina ya kufunga tumbo kwa mkanda ambayo leo imeachwa. Mkato haukuwamo kabisa.

Vifo vya mapema ni vichache: katika hospitali 10 za Marekani zilizochunguza wagonjwa 4,776, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3, na waliopata tatizo kubwa asilimia 4.3. Hizo ni hospitali zenye uzoefu, na mgonjwa yuko karibu. Mshono wa tumbo ukivuja, mara nyingi huonekana siku kadhaa baadaye, pengine mgonjwa akiwa ameshapanda treni. Kati ya Dodoma na aliyemshona kuna kilomita zaidi ya 450. Kwa hiyo swali la nani atampokea usiku huo, na kama anaujua upasuaji huu, kwangu lina uzito kuliko tofauti ya milioni moja kwenye bei.

Hoja yenye nguvu ya kupasuliwa ni kisukari. Utafiti wa Cleveland, Marekani, uliwagawa wagonjwa 150 kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 5, walioshusha sukari yao ya wastani wa miezi mitatu hadi asilimia 6 au chini walikuwa asilimia 23 ya waliofanyiwa mkato, 29 ya mchepuko, na 5 ya waliotumia dawa tu. Tofauti ya mkato na dawa ni pointi 18: katika watu 11, wawili wanafaidika kwa kipimo hicho. Wengine hupunguza dawa bila kuziacha, na hilo nalo lina thamani.

Watetezi huongeza gharama ya figo. Kusafisha damu mara 3 kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Kwa makadirio ya 150,000 kila mara ni milioni 23.4, miaka mitatu milioni 70.2. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma, iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018, inawafahamu wagonjwa hao. Lakini si kila mnene huharibikiwa figo. Ili akiba ya figo peke yake ilipie 20,854,000, upasuaji ungepaswa kupunguza uwezekano wa kufika huko kwa pointi 30. Sijaona ushahidi unaokaribia hapo. Figo ziingie kwenye hesabu pamoja na presha, magoti na usingizi. Peke yazo hazitoshi.

Sindano mpya za kupunguza uzito zimebadili ulinganisho. Katika jaribio la watu 1,961, semaglutaidi ilipunguza asilimia 14.9 ya uzito wote kwa wiki 68. Kwa mwanamke wetu, kilo 17.6. Walioacha walirudisha theluthi mbili ndani ya mwaka, hivyo ihesabiwe kwa miaka 10 mfululizo. Ili kilo moja igharimu sawa na ya mkato, shilingi 887,000, sindano zisizidi 130,000 kwa mwezi. Juu ya hapo mkato ni nafuu. Ukomo wa hatimiliki ya dawa hiyo India na China ni mwaka 2026, na dawa nyingi za maduka yetu hutoka India. Mwenye uwiano wa 36 na sukari ya kawaida ana sababu ya kungoja bei. Mwenye 46 na kisukari, kila mwaka wa kungoja ana anacholipa.

Namba kubwa zaidi ni ya mkoa. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015-16 ulikuta nchini kote asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Wa 2022 ulikuta 36, ila kwa miaka 20 hadi 49. Mabinti wa chini ya miaka 20 walitolewa, nao ndio wembamba zaidi, kwa hiyo ongezeko lote la pointi 8 lisihesabiwe kuwa unene mpya. Pia hao ni kuanzia uwiano wa 25, mbali na chumba cha upasuaji. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 3,085,625 Dodoma. Tukichukua mmoja tu kati ya 1,000, ni watu 3,086 na shilingi bilioni 46. Timu moja ikifanya 4 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, inamaliza 192, na foleni inaisha baada ya miaka 16.

Kwa wengine wote limebaki jambo la sahani na miguu, nalo lina namba zake. Katika utafiti wa Marekani wa watu 5,145 wenye kisukari, waliosimamiwa kwa karibu chakula na mazoezi walipunguza asilimia 8.6 ya uzito wote mwaka wa kwanza na 6.0 baada ya karibu miaka 10. Kwa karani wetu ni kilo 7. Ni chini ya theluthi ya mkato, na wale walikuwa na mshauri wa kuwafuatilia kila mwezi. Yeye ana mgahawa wa chipsi mayai ng'ambo ya ofisi, kiti cha saa nane, na daktari anayemwona dakika tano.