Karatasi ya alama iliyotutoa jasho Vårby gård

Tangu tulipoyagusia mashindano yetu ya hotuba kwenye podikasti, wengi mmeniuliza: ilikuwaje hasa, na je, na nyinyi mnaweza kuyafanya mtaani kwenu? Niliahidi kuandika, basi leo naandika. Ila naanza na aibu yangu, maana bila hiyo mtadhani ni habari za ukumbi na sambusa tu.

Jumapili moja ya Oktoba, wiki nne kabla ya siku yenyewe, tulikuwa na mazoezi. Binti mmoja wa miaka 15, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake watu wa Bukavu, alisimama kusoma mwanzo wa hotuba yake. Sentensi ya pili ilikuwa na neno "anasemaka". Koko yangu anasemaka hivi, yaani bibi yangu huwa anasema hivi. Mtu mzima mmoja nyuma akacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, alicheka tu kama mtu aliyesikia kitu asichokizoea. Binti akamaliza ukurasa, akakunja karatasi mara nne, akaenda kukaa. Jioni akanitumia ujumbe kwa Kiswidi: asante kwa yote, lakini nimeamua kutoshiriki.

Ningeweza kumlaumu aliyecheka. Lakini karatasi ya alama niliiandika mimi, na mstari wake wa kwanza ulisema: Kiswahili sanifu, alama 30.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wazo hili nililitoa Nairobi. Nilikuwa na miaka 22, nimekwenda kule kwa muhula mmoja wa chuo, na jirani yangu bwenini alikuwa anasoma Kijapani. Wakenya wamejifunza lugha hiyo kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya utalii. Chuo cha Utalii cha Kenya kimekuwa kikiifundisha. Na ubalozi wa Japani pale Nairobi huandaa mashindano ya hotuba kwa Kijapani. Jirani yangu aliingia, mimi nikaenda kumshangilia nikiwa sijui hata neno moja zaidi ya asante na sushi.

Nilichokiona kilinikaa kichwani. Wanaoanza walikariri kifungu kifupi. Waliobobea walitoa hotuba waliyoitunga wenyewe, kwa dakika zilizohesabiwa, na walikuwa wameikabidhi mapema. Kisha linakuja jambo la kutisha: majaji wanamuuliza mshiriki swali, kwa Kijapani, na hapo hakuna cha kukariri. Majaji walipotoka kujadiliana, wanafunzi wengine wakatumbuiza, nyimbo, ngoma, kichekesho. Jirani yangu alizungumzia maisha ya kondakta wa matatu. Alipoulizwa swali alikwama, akatazama dari, akatoa maneno matatu manne yaliyopinda. Jaji akaangua kicheko cha furaha, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikajiambia, siku moja tutafanya hivi kwa Kiswahili.

Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa msimamizi wa miradi mwenye mkopo wa nyumba na magoti yanayolia, nikalifufua wazo. Nikasoma masharti ya mashindano ya namna hiyo ya nchi mbalimbali ili nisianze na ukurasa mtupu. Mengi yana sharti moja ambalo nililipita haraka, bila kulifikiria: usiwe na mzazi Mjapani, wala usiwe umeishi Japani kupita muda fulani. Inaeleweka, wanataka haki kwa wanaojifunza kutoka sifuri. Lakini angalia maana yake kwetu. Sharti lile linawatoa nje watu wale wale ambao mimi nilitaka kuwaita ndani.

Na hapa ndipo nilipokosea. Yule jirani yangu alipanda jukwaani akiwa hana deni na mtu. Kila neno alilolipata lilikuwa faida. Sisi je? Mwanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Osaka, ambako lugha yetu inasomwa kwa shahada, akifika Kariakoo akasema "nimefurahi kukutana nawe", anapewa soda ya bure. Mimi nikiteleza ngeli mbele ya shangazi zangu Tanga, naulizwa kwani mama yako hakukufundisha? Kwa mgeni wanahesabu anachokijua, kwa mtoto wa nyumbani wanahesabu anachokikosa. Nilichukua mashindano yaliyotengenezwa kwa mgeni, nikayawekea alama za kumhukumu mtoto wa nyumbani.

Kwa nini Vårby gård? Kwanza kwa sababu nimekulia hapo. Kwa msiopajua: uko kusini-magharibi mwa Stockholm, mji wa Huddinge, kwenye mstari mwekundu wa treni ya chini ya ardhi unaokwenda Norsborg. Kituo kilifunguliwa 1972, wakati Uswidi ilipokuwa ikijenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Upande mmoja una ziwa Mälaren, upande mwingine barabara kuu ya E4, na ng'ambo yake Kungens kurva kwenye IKEA, ambako nusu yetu tulipata kazi ya kwanza. Kwenye ngazi zetu nilisikia Kiarabu, Kituruki, Kisomali na Kiswahili cha aina tatu kabla sijaanza shule.

Kiswahili cha aina tatu, nakazia hapo. Wapo wa Tanzania kama wazazi wangu, wapo Wakenya, na wapo watu wa Kivu, ambao wengi walipitia kambi za wakimbizi kabla ya kupokelewa Uswidi. Shuleni wote ni "Kiswahili". Sheria ya 1977 ilizitaka manispaa zitoe masomo ya lugha ya nyumbani, na leo yanaitwa modersmål, lugha ya mama. Masharti yapo: lugha iwe inatumika nyumbani kila siku, mwanafunzi awe na msingi, mwalimu apatikane, na kwa kawaida wafike angalau watano. Ndiyo maana mama yangu alikuwa akizunguka mlango hadi mlango kila Mei akitafuta "mtoto wa tano". Alipopatikana mtoto wa Goma, tukawa darasa. Saa moja kwa wiki, baada ya shule, tumechoka, wenzetu wako kwenye mpira. Tulitoka pale tukiwa tunaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiswidi. Najua wengi mnaosoma hapa ni watu wa namna hiyo. Karibuni, tuko wengi.

Basi, maandalizi. Tarehe ndiyo iliyotusumbua kwanza. UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, jambo zuri sana, ila 7 Julai hapa shule zimefungwa na nchi nzima iko kwenye boti. Tukachagua Jumamosi ya Novemba, maana Novemba Stockholm hakuna mtu mwenye kitu bora cha kufanya. Ukumbi tulipata karibu na kituo cha treni, kwa bei ya vyama vya vijana, kwa sharti kwamba saa 12 jioni kamili viti viwe vimepangwa na sakafu imefagiliwa. Andikeni hilo: wakati wa kufagia uhesabiwe ndani ya muda wa ukumbi. Na mtu wa chakula asiwe ndiye mtu wa maikrofoni.

Vipengele vikawa vitatu. Kughani shairi kwa walio chini ya miaka 12. Hotuba ya dakika tatu kwa wakubwa, na swali baada yake. Cha tatu, badala ya karaoke, tuliweka ngonjera. Kama hukuwahi kuisikia, ni shairi la kujibizana, watu wawili au zaidi, mmoja anabisha na mwingine anajibu mpaka mmoja akubali. Aliyeieneza ni Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, na shule za Tanzania zikaitumia kufundishia siasa ya Ujamaa. Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Niliwaambia vijana hilo na mmoja akauliza, "Kwa hiyo na yeye alikuwa anachanganya?" Sikuwa na jibu, ila nililipenda swali.

Ngonjera ndiyo niliyoipenda kuliko vyote, kwa sababu ya kazi tu: anayeogopa kusimama peke yake ana mwenzake pembeni. Wawili wakatunga ya mama anayetaka simu izimwe mezani na mtoto anayebisha kwamba WhatsApp ya ukoo ndiyo inayomfundisha Kiswahili. Mama alishindwa.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa yule binti. Usiku ule nilimpigia mwenzangu wa podikasti, akaniambia kitu kimoja tu: "Soma karatasi yako kama una miaka 15." Nikaisoma. Kesho yake tukaita kikao cha dharura, na huko kukawaka moto.

Mzee mmoja tunayemheshimu sote, mwalimu mstaafu, alisema wazi: mkiondoa usanifu mtakuwa mnashindania nini? Vitabu vimeandikwa kwa sanifu, mitihani ni sanifu, na mtoto akienda Dodoma au Mombasa na "anasemaka" atachekwa na watu wasiomjua. Ana hoja, na sikumjibu kwa haraka. Mama mmoja wa Bukavu akajibu badala yangu, taratibu: "Baba, sisi batoto betu walishachekwa hapa hapa, na watu wanaowajua." Kikao kikanyamaza. Nikakumbuka pia siku ya kwanza ya mazoezi, shangazi mmoja alivyonuna kwa sababu watoto wa Kivu hawakumwamkia "shikamoo". Kwao shikamoo haitumiki, walisema "jambo mama" kwa heshima zote, na yeye akaona wamekosa adabu.

Nilitamani profesa Abdulaziz Lodhi awe pale, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Kiswahili Uppsala miaka mingi, mwendo wa treni tu kutoka kwetu. Kitabu chake cha 2000 kinafuatilia maneno tuliyoyapokea kutoka Mashariki, Kiarabu, Kiajemi, lugha za Kihindi. Lugha iliyochukua kitabu kwa Mwarabu, gari kwa Mhindi, meza kwa Mreno na shule kwa Mjerumani, inaogopa kiambishi cha Bukavu?

Tulimalizana hivi. Kwenye kughani, sanifu ilibaki na alama zake, kwa sababu pale mtoto anajifunza maneno ya mshairi, si yake. Kwenye hotuba, alama 40 zikaenda kwa alichokisema, 30 kwa jinsi alivyoisimamia, 30 kwa swali. Lahaja yoyote ruksa. Kwenye swali, ukikosa neno moja unaruhusiwa kulisema kwa Kiswidi na kuendelea. Majaji wakawa watatu, mmoja wa Tanzania, mmoja wa Kenya, mmoja wa Kivu, na hakuna aliye mzazi wa mshiriki. Mzee hakufurahi. Lakini alikuja kuwafundisha wadogo kughani kila Jumapili, na hakuna aliyefundisha vizuri kama yeye.

Kisha nikamwandikia binti. Kwa Kiswahili, hata kama alikuwa ameniandikia kwa Kiswidi. Nilimwambia karatasi ya kwanza ilikuwa kosa langu, nikamtumia mpya. Alikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi, saa 5 usiku, akauliza: bado kuna nafasi, na lazima nibadilishe maneno? Nikajibu nafasi ipo, na usibadilishe hata moja.

Siku yenyewe walikuja watu wengi kuliko viti. Washiriki 14. Maikrofoni ilikufa mara mbili. Mtoto wa miaka 8 alisahau ubeti wa tatu, akarudia wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi na hakuna aliyediriki kumkatisha.

Binti wa Bukavu alikuwa wa mwisho. Hotuba yake ilihusu sauti ambazo koko yake anamtumia kwa simu kila asubuhi, na jinsi alivyokuwa akizisikiliza zote bila kujibu kwa sauti, anatuma tu moyo mwekundu, kwa sababu aliogopa koko atasikia Kiswahili chake kimeharibika. Alisema "anasemaka" mara sita. Nilihesabu. Jaji wa Kenya akamuuliza: na sasa utamjibu nini? Akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuumwa tumbo. Halafu akasema: "Nitamwambia... niko naskiaka yote, koko. Zote. Nilikuwa tu na, liksom..." akatafuta neno, hakulipata, akaguswa na kicheko chake mwenyewe, "...na haya."

Hakushinda. Alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa Kikenya aliyetuchekesha mpaka machozi kuhusu baba yake na mashine ya kufulia ya pamoja ya jengo. Mzee mwalimu alikwenda kwa binti baada ya matokeo. Sikusikia alichomwambia, niliona tu anamuonyesha kitu kwenye karatasi kwa kalamu, na binti anamsahihisha.

Saa 12 kasoro dakika nne tulikuwa bado tunafagia. Sufuria kubwa ya mtu imebaki kwangu, ina kifuniko cha bluu, mwenyewe ajitokeze.