Nyumbani ni re: tuielewe modi ya kwanza



Pasaka moja, katika kigango kimoja cha huku kwetu kati ya Nachingwea na Ruangwa, kwaya iliimba sekwensia ya siku hiyo, Victimae paschali laudes. Mpiga kinanda aliona wimbo unaanzia re na kuishia re, akaamua ni maina ya kawaida. Basi kila do iliyokuwa chini ya re akaipandisha nusu toni, ikawa de. Wazee wa kwaya, waliojifunza wimbo huo kwa kusikia tangu utotoni, walibaki na do yao. Sauti zikagongana mpaka mwisho. Baada ya Misa wazee waliambiwa kwamba wao ndio waliotoka nje ya ufunguo.

Wazee walikuwa sahihi.

Tuanze na tunachokijua sote, yaani d r m f s l t d. Hatua kati ya noti hizi hazilingani. Ukiwa na kinanda, iweke do kwenye C utazame: kati ya do na re kuna kitufe cheusi, hiyo ni toni nzima. Kati ya mi na fa hakuna, wala kati ya ti na do. Hizo ni nusu toni. Kwa hiyo ukipanda kutoka do, nusu toni zinakuja katika hatua ya tatu na ya saba.

Sasa usibadilishe noti hata moja, ila uanzie re: r m f s l t d r. Nusu toni zimehamia hatua ya pili na ya sita. Ni kama anayetoka Nachingwea kwenda Ruangwa na mwenzake anayetoka Ruangwa kuja Nachingwea: barabara ni moja, vijiji ni vilevile, lakini mlima wa mmoja ni mteremko wa mwingine. Hiyo ndiyo modi. Nyimbo za Kigregoriani zina modi nane, na noti za nyumbani ni nne tu: re, mi, fa na sol. Kila nyumba ina modi mbili, moja ya kupanda juu zaidi na nyingine ya kuzunguka chini na juu ya nyumba. Modi ya kwanza ni ile ya re inayopanda. Zaburi zake husomewa kwenye la, noti ya tano juu ya nyumba.

Tofauti yake na maina iko wapi? Sehemu mbili. Kutoka re hadi ti ni toni nne na nusu. Katika maina, kutoka la hadi fa ni toni nne tu. Ndiyo maana modi hii haina ule unyonge wa maina, ingawa baadhi ya nyimbo zake huishusha ti ikawa ta. Ya pili ndiyo iliyotuponza siku ile: do iliyo chini ya re iko mbali toni nzima, na inarudi nyumbani bila kusukumwa. Maina tuliyoizoea huisogeza noti hiyo karibu na nyumba. Modi haifanyi hivyo.

Wanaonakili nyimbo kwa solfa nao wanachangia. Wengi hawapendi wimbo unaoishia re, hivyo huandika Do=F ili uishie la. Si kosa, mradi ti ya zamani iandikwe fe. Mara nyingi huandikwa f, na hapo wimbo umeshakuwa mwingine. Do ya zamani sasa ni s, na mpiga kinanda anaiona, mkono unamwasha, anapiga se. Mimi ningeacha Do=C na wimbo uishie re. Ukiwa juu au chini mno kwa waimbaji, kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo.

Mkifanya mazoezi, mpiga kinanda ashike re na la tu, asiongeze kitu. Muwaache wazee waimbe kifungu cha kwanza peke yao. Wimbo unaanza re, unagusa do, unarudi re. Sikilizeni hiyo do mara tatu nne kabla vijana hawajaingia.