Ua jeupe la popi na ubishi wake Uingereza

Kila Novemba inapowadia, mamilioni ya Waingereza huvaa kifuani ua jekundu la popi lililotengenezwa kwa karatasi. Huwakumbuka wanajeshi waliofia vitani, na fedha zinazochangwa huwafaa askari wastaafu na jamaa zao. Hata hivyo, katika umati huo huonekana wachache waliovaa ua jeupe.

Popi nyekundu humea zenyewe katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyovurugwa na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Shirika la askari wastaafu, British Legion, lilianza kuuza maua hayo mwaka 1921. Katikati ya ua paliandikwa jina la hazina ya Jemadari Douglas Haig, yule yule aliyeongoza mapigano ya Somme mwaka 1916, ambapo zaidi ya wanajeshi 19,000 wa Uingereza waliuawa siku ya kwanza pekee. Mwaka 1926 kulitolewa pendekezo kwamba mahali hapo paandikwe maneno ya kukataa vita. Halikufua dafu, jina la Haig lilidumu hadi 1994.

Ndipo mwaka 1933 chama cha wanawake cha Co-operative Women's Guild kikabuni ua jeupe. Wengi wa wanachama walikuwa wajane, mama na dada za waliouawa, hivyo ni vigumu kuwashutumu kwamba waliwadharau marehemu. Hata hivyo walishutumiwa, na baadhi walifutwa kazi kwa kulivaa. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Margaret Thatcher aliliambia Bunge kwamba ua hilo linamchukiza.

Chama cha Peace Pledge Union, kinacholisambaza hadi leo, husema ua jeupe huwakumbuka wote walioangamizwa na vita, wakiwemo raia na watu wa mataifa yote.

Hoja hiyo inaigusa Kenya. Maelfu ya wapagazi wa Carrier Corps, waliolipa mtaa wa Kariokor jina lake, walikufa kwa maradhi na njaa wakiwabebea wanajeshi mizigo. Hawakushika bunduki. Sanamu ya ukumbusho ipo Kenyatta Avenue, Nairobi, lakini wengi wao hawana kaburi lenye jina, dosari ambayo tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021.

Wapo Waingereza wanaovaa maua yote mawili, jekundu na jeupe, kwenye koti moja.