Wanawake wenye tatuu: Kisa cha kubuni kilichowafungulia jukwaa

MWAKA 1882, wakazi wa New York nchini Marekani walilipa kiingilio ili kumtazama mwanamke aliyejaa michoro mikononi, miguuni na kifuani. Mwanamke huyo, Nora Hildebrandt, anatajwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini humo kujipatia riziki kwa kuonyesha tatuu.

Pamoja na michoro, watazamaji walipewa kisa. Walielezwa kuwa Nora na baba yake walitekwa na wenyeji asilia wa Marekani, na baba akalazimishwa kumchora binti yake kila siku kwa mwaka mzima, hadi michoro ikafikia 365.

Kisa hicho kilikuwa cha kubuni. Aliyemchora ni Martin Hildebrandt, fundi wa tatuu wa New York, ambaye hakuwa baba yake.

Mwaka huo huo alijitokeza Irene Woodward, naye akiwa na simulizi inayofanana na hiyo.

Uongo huo ulikuwa na sababu yake. Katika zama hizo, mwanamke aliyeonyesha mapaja yake hadharani alihesabiwa kuwa mhuni. Aliyekiri kuchorwa kwa hiari ili alipwe angelaaniwa. Aliyedai kulazimishwa alihurumiwa, na watu wakaendelea kumkodolea macho bila ya kuona haya. Waliobebeshwa mzigo wa uongo huo ni wenyeji asilia, waliosingiziwa ukatili ambao hawakuutenda.

Mwaka 1891, Samuel O'Reilly alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu. Kazi iliyochukua muda mrefu ikafanyika kwa haraka, na wanawake wenye tatuu wakaongezeka katika sarakasi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja pale mwanamke aliposhika sindano mwenyewe. Maud Stevens, mwanasarakasi wa viungo, alikutana na mchoraji Gus Wagner katika maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Inasimuliwa kuwa alikubali kutoka naye kwa sharti moja: amfundishe kuchora. Walioana, na Maud anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kufanya kazi hiyo nchini Marekani. Alichora kwa mkono, bila mashine, na binti yao, Lovetta, alirithi ufundi huo.

Naye Betty Broadbent, aliyeanza kujionyesha mwaka 1927, hakuhitaji kisa cha utekwaji. Alichagua michoro yake mwenyewe, akafanya kazi katika sarakasi kwa miaka 40, na katika maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1939 alishiriki shindano la urembo. Hakushinda, lakini alisimama mbele ya majaji akiwa na ngozi yake kama ilivyo.

Mwaka 1981, miaka miwili kabla ya kifo chake, Broadbent alikuwa mtu wa kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima ya wanatatuu. Wakati huo hapakuwa na haja tena ya kumwambia mtazamaji kwamba alilazimishwa.