MENO YA BANDIA: TUYAVUE USIKU, TUTUNZE FIZI ZETU

Ndugu wakazi wa kambi,

Wapo kati yetu baba na mama, na hata vijana, wanaovaa meno ya bandia ya kuvua, yaliyoshikizwa kwa waya kwenye meno ya asili yaliyobaki. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na yale ya Palma ya Machi 2021, wengi tumezoea kulala tayari kukimbia. Basi wenye meno haya hulala nayo mdomoni, wasije wakayaacha nyuma. Hofu hiyo tunaielewa, lakini fizi zinaumia.

KWA NINI ZINAUMIA?

Mabaki ya chakula na vijidudu hukusanyika chini ya meno ya bandia na kuzunguka waya, vikafanya utando. Mate, ambayo husafisha mdomo, hayafiki vizuri pale, na tukilala hupungua. Ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoa damu. Fangasi nao huota. Utando ukiachwa, ugonjwa hushuka hadi mfupa unaoshika jino, na jino hulegea. Jino lenye waya likitoka, meno ya bandia hayana tena pa kushika. Kupata mengine hapa tulipo si rahisi.

TUFANYE NINI?

1. Vua kila usiku. Yaweke katika kikopo chenye maji safi na kifuniko. Kikopo kikae pamoja na mfuko wa vitambulisho, karibu na kichwa. Ukiondoka, vyote unavikuta mahali pamoja.

2. Ikiwa usiku ni wa hofu na huwezi kuvua, yasafishe kwanza, kisha uyavue mchana kwa saa kadhaa.

3. Yasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida, juu na chini. Kikombe kimoja cha maji kinatosha. Usitumie mchanga, majivu wala mkaa, maana hukwaruza na vijidudu hujificha humo. Maji ya moto huyapinda.

4. Piga mswaki meno yako ya asili asubuhi na kabla ya kulala, hasa yale yenye waya. Ufizi ukitoa damu usiache, sugua taratibu.

5. Yakivunjika usiyaunge kwa gundi. Usipinde waya mwenyewe. Usiazimane na mtu.

NENDA KITUO CHA AFYA UKIONA:

- Ufizi unatoa damu kila siku, au usaha;
- Jino linalegea;
- Kidonda hakijapona kwa wiki 2.

Shavu likivimba pamoja na homa, au ukishindwa kumeza, nenda siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asingoje, kwani ugonjwa wa fizi humshika upesi.

Kuvua meno si aibu. Watoto na wajukuu, msimcheke bibi. Mkumbusheni usiku, na siku ya kuhama mchukulieni kikopo chake.